Namba ya Maziwa Kwenye Lori

Wiki jana nilikuwa kwenye yadi ya kukagua magari hapa Eldoret, nikingoja zamu yangu, mzee mmoja wa Moiben alipoleta lori la marehemu babake ili aliandikishe kwa jina lake.

Mkaguzi alijikunja chini ya lori, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akasoma namba ya chasisi tarakimu moja moja huku akilinganisha na kitabu cha gari. Zote zililingana. Lakini mbele ya namba hiyo kulikuwa na tarakimu tatu zaidi, zimegongwa kwa mkono.

"Mzee, hii namba imeguswa," alisema. "Hii ni kesi ya polisi."

Mzee alivua kofia. "Hiyo ni namba yetu ya maziwa, ile tulipewa na chama cha wakulima ya kutambulisha mikebe yetu. Baba alikuwa anagonga kila kitu hiyo namba, ndio wezi waogope."

Mkaguzi hakucheka. Mzee akampigia mkewe simu. "Mama watoto, leta ule mkebe wa maziwa wa zamani. Usiulize."

Saa mbili baadaye mkebe uliwekwa kando ya chasisi. Ulikuwa na tarakimu zilezile tatu, na ile nne ilikuwa imepinda vilevile. Mkaguzi aliipapasa kwa kidole gumba.

"Mimi nimeamini, mzee. Lakini si mimi wa mwisho kuamua." Akatia ufunguo wa lori mfukoni mwake.

Sijui kama alama ile iliwahi kumtisha mwizi. Niliyemwona akiiogopa ni mwenye lori.