Siku Niliyomkana Hagai

Aibu hii nimekataa kuisimulia miaka mingi na sasa nimechoka kukataa, afadhali mnisikie mwenyewe kuliko kuwasikia watu wa Kabiria, ambao wakiisimulia huitia chumvi mpaka mimi naonekana nilimkana Mungu. Mungu sikumkana. Nilimkana Hagai.

Wakati huo nilikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja Spring Valley, na Jumapili nikishaosha vyombo vya asubuhi napanda baiskeli hadi Kabiria, ambako sisi tuliotoka pande za Kakamega na Kisumu (wapishi, watunza bustani, wavunja mawe, na fundi viatu mmoja) tulikuwa na kanisa la udongo ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa umeinama kama mlevi. Mwalimu wetu aliitwa Zakayo, mtu mrefu na mpole, na ni yeye peke yake aliyeshika Biblia. Yeye alisoma, sisi tukasema amina, na wengine waliisema wakiwa wamesinzia.

Mimi kusoma nilijifunza jikoni, kwa makopo ya unga na magazeti ya kufungia nyama, na siku moja nikajiuliza, mtu anayesoma gazeti lenye damu ya ng'ombe anashindwa nini kujisomea neno la Mungu? Basi siku yangu ya mapumziko nikashuka mjini, nikaingia duka la vitabu. Karani alikuwa mtu wa Mombasa mwenye kofia nyeupe, akaniwekea vitabu viwili juu ya meza, kimoja kinene na kimoja chembamba.

"Wataka Biblia nzima au Agano Jipya?" akaniuliza.

Sikutaka anione mshamba. Nikasema, "Jipya." Kama kuna jipya, la zamani nalitakia nini? Tena hicho chembamba kiliingia vizuri mfuko wa koti, pamoja na kipande changu, kile kitambulisho cha kuwaonyesha polisi. Nikarudi nyumbani nikiamini nimebeba Biblia yote, chapa mpya. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nilikisoma kila alasiri nikingoja maji ya chai yachemke, nikakimaliza, nikakirudia. Kanisani nikawa nakifungua Mwalimu akisoma, nafuata kwa kidole. Mzee Nashoni, mkubwa wa wazee wa kanisa, hakupenda.

"Ndugu Shadraki," akaniambia nje, "kitabu ni cha mwalimu. Kila mtu akijisomea, mwalimu atabaki na kazi gani?"

"Mzee," nikamjibu, "mimi napikia watu kila siku, na sijawahi kumkataza mtu kuchungulia sufuria."

Akaondoka zake, nami nikajiona mwanamume.

Sasa Jumapili moja Mwalimu Zakayo akasoma kutoka kwa nabii Hagai, jinsi alivyowakemea watu kwa kukaa katika nyumba nzuri huku nyumba ya Mungu ni gofu. Halafu akatangaza kwamba kuanzia Jumamosi kila mwanamume atabeba mawe kutoka machimbo ya upande wa Waithaka ili tujenge kuta. Watu wakaguna, maana Jumamosi alasiri ndiyo pumziko letu. Mimi nikafungua kitabu changu kumtafuta huyo Hagai. Nikapekua kuanzia Mathayo hadi Ufunuo, nikarudi kwenye orodha ya mbele, nikashuka nayo kwa kidole. Hayumo.

Nikamnong'oneza Okelo, yule fundi viatu, aliyekaa nami benchi moja. "Hakuna Hagai."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Hayumo."

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu mpaka leo. Lakini Okelo aliwaambia wenzake, na kwa watu wasiotaka kubeba mawe habari hiyo ilikuwa tamu kuliko sukari, na kufikia Jumatano watunza bustani wa Westlands wananisimamisha njiani waniulize kama ni kweli Mwalimu amejitungia nabii, nami (Mungu anisamehe) nakitoa kitabu mfukoni, nawafungulia ile orodha, nawaambia jihesabieni wenyewe.

Jumamosi ikafika. Waliokwenda machimboni ni Mwalimu, Mzee Nashoni na wanawake watatu. Jiwe likamponyoka Mzee, likamponda Mwalimu kidole.

Kesho yake Zakayo alisimama mbele yetu mkono umefungwa kitambaa. Hakupandisha sauti. "Nasikia yuko ndugu anayesema Hagai nimemtunga mimi. Asimame."

Nikasimama. "Mwalimu, kitabu hiki nimekisoma chote, mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Hagai hayumo."

"Mwanzo wake ni wapi?"

"Mathayo."

Kisha upande wa wanawake Dada Rasoa, yaya wa nyumba ya jirani kule Spring Valley, akaingiza mkono kikapuni, akatoa chini ya leso Biblia nene ambayo hakuna aliyejua anayo. Akafunua.

"Hagai ni huyu hapa," akasema taratibu. "Ni kurasa chache tu. Ndugu, wewe umeanzia katikati."

Kanisa likacheka mpaka watoto waliolala wakaamka. Okelo akasogea mwisho wa benchi kama hanijui. Nilikaa chini, masikio yanawaka moto.

Mzee Nashoni akainuka. "Mmeona? Kuanzia leo mtu asije hapa na kitabu. Kiachiwe mwalimu."

Hapo nikasimama tena.

"Mwalimu, nimekukosea, naomba msamaha mbele ya hawa wote. Mawe ya jana nitayabeba mimi. Lakini kitabu, Mzee, sikiachi. Sikukosa kwa kusoma, nilikosa kwa kusoma nusu. Na hawa wote waliniamini mimi mpishi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na chake cha kuangalia. Isipokuwa Dada Rasoa, na yeye alikificha kwa kukuogopa wewe, Mzee."

Zakayo akakitazama kidole chake. Kisha akasema, "Dada Rasoa, tusomee wewe leo."

Akasoma, mwanamke wa kwanza kusoma katika kanisa lile. Mzee Nashoni akachukua kofia yake akatoka.

Mawe nilibeba Jumamosi nne, bega likachubuka, na mpaka leo wako wanaoniita Hagai sokoni, nami naitika. Nimeapa sitasema tena neno fulani halimo kabla sijamaliza kitabu kizima. Lakini kuapa kwamba nitafunga kitabu nisomewe, hilo hamtalisikia kwangu.

Nilinunua Biblia nzima, nikawa naifunga nyuma ya baiskeli. Jumapili ya kwanza nilipokuja nayo nilikaa benchi la mbele, na Mzee Nashoni, aliyekuwa amerudi, akakaa nyuma yangu. Mwalimu akataja Obadia, nabii wa ukurasa mmoja tu. Nikaanza kutafuta, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole, na Zakayo akaningoja, na kanisa lote likangoja. Mzee akakohoa. Akakohoa tena.

Sikuharakisha.