Mto Ndio Mpaka

Nsajigwa Mwakibete wa Bujonde alikuwa na maneno matatu aliyoyapenda kuliko chakula: mto ndio mpaka. Aliyasema nje ya kanisa baada ya ibada, aliyasema gulioni, na ukimsalimia njiani ukachelewa kuondoka, uliyasikia mara mbili. Maneno hayo ndiyo yaliyompa ushindi mkubwa kuliko wote maishani mwake.

Ilikuwa hivi. Mto Lukasi hushuka kwa fujo kutoka milimani, ukifika kwetu tambarare unachoka na kuanza kupinda-pinda. Shamba la Nsajigwa, la kakao na migomba, lilikuwa ndani ya pindo mojawapo, maji pande tatu, na mlango wake ni shingo nyembamba ya ardhi isiyozidi hatua arobaini. Watu walipaita Kona. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mto ukala ukingo wa ng'ambo, kwa mjane mmoja aitwaye Tumaini, ukasomba migomba yake kumi na saba, kisha ukaacha kipande kizuri cha udongo mweusi upande wa Nsajigwa.

Tumaini akaenda baraza la kijiji. Akasema kile kipande ni pale pale ilipokuwa migomba yake, na kila mtu alijua ni kweli. Nsajigwa akasimama, akauliza mpaka wa wazee wao ulikuwa nini. Wakamjibu ulikuwa mto.

"Basi mto ndio mpaka," akasema. "Ukienda kule, mpaka nao umeenda kule. Mimi sikuusukuma."

Akang'ang'ania iandikwe. Ikaandikwa kwenye muhtasari, naye akakandamiza dole gumba mpaka wino ukachafua meza. Halafu, jamani, mtu ana roho! Akamgeukia yule mama akamwambia, "Ndaga fijo, mama," asante sana, kana kwamba amepewa zawadi.

Aliyeona aibu ni mkewe, Kisa. "Umemnyang'anya mwenzetu," alimwambia.

"Si mimi. Ni mto," akajibu Nsajigwa, akaomba aongezewe mboga.

Kisa hakubishana naye tena. Ila tangu siku ile, kila alipokata mkungu wa ndizi, chane mbili zilivuka maji kwenda kwa Tumaini wakati bwana amelala mchana.

Kisa alifariki miaka saba iliyopita. Alizikwa pale Kona nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kama ilivyo desturi yetu. Baadaye Nsajigwa alijenga nyumba nyingine kando ya barabara kwa sababu ya magoti, lakini kila Jumamosi alirudi Kona na ufagio kusafisha kaburi. Pembeni yake aliacha nafasi yake mwenyewe. Aliipima kwa kulala chini chali, akachomeka kijiti kichwani na kingine miguuni, na hakuruhusu kuku apite pale.

Sasa, mwaka uliopita mvua zilichelewa, mpunga wake pale shingoni ukaanza kuwa njano. Nsajigwa akachukua jembe akachimba mfereji kukata shingo, kutoka mtoni upande wa juu mpaka mtoni upande wa chini. Neema, afisa kilimo wa kata, akapita na pikipiki yake, akasimama akashika kichwa.

"Mzee, fukia huo mfereji. Mto ni mvivu. Ukiuonyesha njia ya mkato hauzunguki tena."

Nsajigwa akacheka. Neema akaokota mawe kwenye udongo uliochimbwa, mawe laini ya mviringo. "Haya yamefikaje hapa? Mto ulishapita hapa zamani. Utarudi."

"Mawe mazuri haya," akasema Nsajigwa. "Yatafaa kwa msingi wa choo."

Aprili mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya tano Nsajigwa alikwenda kutazama mpunga wake, akakuta hakuna mpunga, hakuna mfereji, hakuna shingo. Lukasi wote ulikuwa unapita pale pale alipochimba, mpana, mwekundu, na Kona iko ng'ambo. Pindo la zamani lilibaki dimbwi. Kufikia Julai lilishajaa mchanga na matete, na Tumaini alikuwa anatembea kutoka kwake mpaka Kona bila kulowanisha kandambili.

Nsajigwa akakimbilia baraza. Mtendaji wa kijiji akafungua faili, akausoma muhtasari ule kwa sauti, dole gumba na yote.

"Huo ulikuwa mto wa zamani!" akafoka Nsajigwa. "Huu nimeuchimba mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Tumaini peke yake hakucheka. "Safari ile angalau hukuusukuma," akasema.

Nsajigwa akakaa chini. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo, na wengi wetu hatukuwahi kuisikia sauti ile. "Chukua kakao. Chukua na nyumba. Mimi nataka pale pangu tu, pembeni ya Kisa. Nitalala wapi mimi?"

Tumaini alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kisa simfukuzi," akasema. "Alinivushia ndizi miaka yote ile wewe ukikoroma. Yule yuko kwake. Wewe ukitaka kumwona, utapiga hodi kwangu kwanza."

"Na ile nafasi yangu?"

"Ile ni shamba langu. Nitafikiria. Usife kwa haraka."

"Ndaga fijo, mama," akasema Nsajigwa, na safari hii alimaanisha.

Basi sasa kila Jumamosi anazunguka na ufagio wake mpaka darajani, mwendo wa saa nzima kwa magoti yale, anafika kwa Tumaini anapiga hodi. Siku nyingine anaitikiwa mara moja. Siku nyingine mama anamaliza kwanza kupepeta mchele wake, naye anasubiri amesimama.

Jumamosi iliyopita alikuta vile vijiti vyake viwili bado vimesimama, na katikati yake maboga yametambaa, yamechanua maua.

"Nimepanda kwa muda tu," Tumaini alisema nyuma yake. "Siku yako ikifika tutayang'oa."

Nsajigwa aliyatazama maboga kitambo. Kisha akaweka ufagio chini, akachuchumaa taratibu kwa sababu ya magoti, akaanza kuyapalilia.