Nta kwenye Tanki la Mjomba

Mimi ndiye niliyeziba kwa nta lile tundu dogo la kwenye kifuniko cha tanki la petroli la Mjomba. Nimeanza na hilo ili usihangaike kumtafuta mkosaji. Mkosaji ni mimi, sasa niko kidato cha pili, na kama una haraka zako unaweza kuishia hapa.

Bado upo? Haya, sogea.

Likizo hii nilikwenda kwa Mjomba nikaikuta ile mashine yake ya mtumbwi nyuma ya jiko. Imeegemezwa ukutani, kofia yake imelazwa chini chali, na ndani ya kofia kuku anaatamia mayai. Nilipoinama kuinusa, kuku akanitukana kwa lugha yao. Lakini harufu ya petroli ya zamani ilikuwa bado imo, na harufu hiyo peke yake ilinirudisha darasa la nne, kabla hatujahamia kijiji kipya, wakati nyumba yetu ilikuwa karibu na Malagarasi kiasi kwamba ukisahau sufuria nje, kiboko anakuoshea. Nimeongeza chumvi. Kidogo tu.

Kwetu Kibondo wakati ule nta ilikuwa dawa ya kila kitu. Debe linavuja, nta. Kibuyu kimepasuka, nta. Kandambili imekatika, Baba anajaribu nta kwanza, halafu ndiyo anatafuta waya. Msimu wa kurina, Mama alichuja asali kwa kitambaa nyumba nzima ikanata, mpaka mlango, mpaka paka. Sisi tulitafuna masega hadi taya zikauma, na jioni tulichovya ndizi za kuchoma kwenye asali iliyobaki kwenye sinia, tukigombania upande wenye nyingi. Mtoto wa kwetu alijua kukanda nta kabla hajajua kufunga vifungo vya kaptura.

Mwaka ule Dada alikuwa anaolewa huko juu mto unakotoka, upande wa Kasulu. Wakwe ndio waliokuwa wapike pombe ya harusi, na Mama alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba asali itatoka kwake. Pombe ya asali haitaki haraka. Inataka ikae ichachuke. Kwa hiyo ndoo zetu zilitakiwa kufika siku ile kabla jua halijazama, la sivyo wageni wangekunywa maji matamu, na shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwenye ulimi wa kukata kuni, angeisimulia habari hiyo mpaka Dada apate wajukuu.

Tena safari iliyopita asali ya Mama ilifika inanuka petroli. Ndiyo maana asubuhi ile alinishika sikio akasema, "Wewe utakaa katikati ya ndoo na tanki. Harufu ikiingia kwenye asali ya dada yako, nakujua wewe."

Nikakaa. Nikanusa huku, nikanusa kule, nikagundua harufu inatokea kwenye kitundu kilichokuwa juu ya kifuniko cha tanki. Sasa, mtu wa Kibondo akiona tundu anafanyaje? Nikabandua nta ukingoni mwa ndoo, nikaikanda, nikaziba, nikalainisha kwa kidole gumba. Kazi safi. Nilijisifu kimoyomoyo mpaka tukaondoka.

Mashine ilikuwa kuukuu, Mjomba aliinunua kwa mvuvi wa Kigoma, na alizoea kuisemesha kama ng'ombe. Akavuta kamba, ikanguruma, mtumbwi ukapanda mto. Tukawapita akina mama waliokuwa wakiloweka mihogo ukingoni. Mama akawapungia mkono kama mke wa mkuu wa wilaya.

Tulipomaliza kona, mashine ikaanza kusinzia. Trrrr… trr… tr. Mara ikazinduka, mtumbwi ukaruka mbele, Mama akakumbatia ndoo. Mara ikasinzia tena, ikazima. Mto ukatubeba taratibu, kinyumenyume, hadi kwa akina mama wa mihogo.

"Mmesahau kitu?"

"Majani tu yamenasa," Mjomba akajibu. Akainua mashine. Pangaboi safi kabisa, hata jani moja. Akafungua tanki, petroli tele. Akafunga. Akavuta kamba, ikanguruma kama mpya! Tukawapita akina mama. Kona. Trrr… tr. Tukarudi.

"Leo mnatusalimia sana!"

Mjomba akatoa plagi, akazifuta kwa pindo la shati, akazirudisha. Akafungua tena tanki kuangalia kama petroli imeingia maji. Haikuingia. Akafunga. Ikanguruma. Kona. Tukarudi.

"Mama wa bi harusi," mmoja akaita, wenzake wameshikana mabega kwa kicheko, "shukeni mtusaidie kumenya, mto umewakataa!"

Mimi nilicheka. Kisha nikamwona Mama. Alikuwa ameshika mpini wa ndoo kwa mikono miwili, anatazama jua lilivyoanza kulala, na midomo inamcheza. Nikaacha kucheka.

Mjomba akaketi, akamgeukia Mama. "Pini ya pangaboi ingekatika, mashine ingepiga kelele na mtumbwi usiende. Hii inapunguza sauti, na mtumbwi unapunguza mwendo. Dada, mashine yangu ina njaa."

"Umesema petroli imejaa."

"Ego, ndiyo, imejaa. Ila haifiki." Akaliminya pira la kupampu, lile la kwenye mpira wa petroli. Lilikuwa limenywea kama chuchu ya mbuzi aliyetoka kukamuliwa. Akaufuata mpira kwa macho, polepole, mpaka kwenye tanki. Pale juu ya kifuniko nyuki watatu walikuwa wanatembea.

"Tangu lini nyuki wanakunywa petroli?"

Nikakificha kidole gumba changu ndani ya ngumi. Mjomba akakwangua kwa ukucha. Tundu likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akanusa ukucha, akaniangalia.

"Mpwa wangu," akasema, kwa upole ulionitisha kuliko fimbo. "Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Nikikuziba pua na mdomo, utakimbia?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi na yeye hivyo hivyo. Kila nikifungua kuchungulia anapumua, nikifunga unamnyonga."

Akavuta kamba, na safari hii mashine iliimba kona baada ya kona. Ili harufu ya tundu isiingie kwenye asali, niliamriwa nivue shati nifunike ndoo, halafu nizilalie. Nilifika nanuka petroli mimi, ngozi na nywele.

Sasa tumehamia kijiji kipya, mihogo inalowekwa kwenye mashimo karibu na nyumba, na asali inaondoka kwa lori. Pale kwenye kona hakuna wa kukuuliza umesahau nini. Mjomba anauza sabuni sokoni. Dada ana watoto wawili, wote watundu, watu husema wamenifuata mimi. Nadhani hakuna tena anayeweza kuvunja ndoa ile kwa ajili ya nta, ndiyo maana nasema.

Maana jioni ile tulifika jua likiwa limebaki kipande. Shangazi wa bwana harusi akafunua ndoo, akanusa, akachovya kidole, akalamba, akatafuta kosa usoni mwa kila mmoja wetu. Hakulipata. "Asali safi," akasema, kama anayeng'olewa jino. "Lakini mbona mmechelewa hivi?"

Mama akatabasamu, akaniinamia kama anayenifuta uso kwa khanga, akaninong'oneza:

"Ulivyoliziba lile tundu, ziba na mdomo wako hivyo hivyo. Tumechelewa kwa sababu mashine ya mjomba wako imezeeka."