Mashine ya Fundi Katika Ghala Langu

Mjukuu wangu anasomea uhandisi pale chuo cha Chepkoilel. Likizo moja alikuja nyumbani Burnt Forest na kompyuta yake, akaniuliza kama nina mashine yoyote ya zamani. Mwalimu aliwataka wachore mashine nzima, kipande kwa kipande, kisha waiunganishe humo humo ndani ya kompyuta. Nikamwambia aangalie ghalani, nyuma ya magunia. Mdomo ulitangulia akili.

Vile vyuma si vyangu. Ni mashine ya kupukuchua mahindi, ya fundi mmoja aliyekuwa jirani yetu, mtu aliyehamia kutoka mkoa wa kati. Aliitengeneza kwa mikono yake, na wakati wa mavuno ilizunguka kwa majirani wote. Vile vita vya baada ya kura vilipotufikia, aliifungua vipande vipande mchana mmoja ndani ya ghala langu, mimi nikimshikia spana. Lori lilikuwa linamngoja. Alibeba puli tu, lile gurudumu la kuvutwa na mkanda, kwa sababu alikuwa ameinunua juzi tu.

"Mama, niwekee hivi vingine," alisema. "Nitarudi."

Alirudi mambo yalipopoa, puli iko ndani ya gunia. Siku hiyo wanawake wawili wa kwetu walikuwa wamesimama langoni. Mmoja akacheka, "Leo Mama ana mgeni wake!" Nikaogopa watanitangaza kwamba naficha mali ya hao watu. Nikamwambia fundi, "Vilichomeka vyote."

Ghala lilikuwa pale pale mbele yake, hata bati moja halijapata moshi. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa, Mama." Akaenda.

Nilijiambia nitamtafuta tukitulia. Tulitulia. Sikumtafuta.

Sasa mjukuu alipima vile vyuma wiki nzima. Jioni ananionyesha kwenye kompyuta. Kipande cha kwanza anakikaza kisisonge hata kidogo, halafu vingine vyote vinapangwa kwa kufuata hicho. Anagusa shimo, anagusa shafti, kile chuma kirefu kinachozunguka, na shafti inaingia yenyewe. Vyuma viwili vikigombania nafasi moja, vinageuka vyekundu. Nilimwambia sisi tungegonga nyundo tu. Alicheka sana.

Lakini alipoizungusha shafti, iliteleza kando ikatoka nje ya mashine yote.

"Kogo," aliniita, yaani bibi kwa lugha yetu, "kuna kitu kinakosekana hapa mwisho. Ndicho kilikuwa kinaizuia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ni puli."

"Iko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Si hii ni yako?"

Hapo nikamwambia yote. Alifunga kompyuta. "Kogo, siwezi kumpelekea mwalimu kitu cha kuibwa." Nimelea watoto saba kwa fimbo, lakini asubuhi yake nilivaa viatu nikatoka naye.

Tuliuliza huku na huku mpaka tukampata Eldoret mjini, anashona viatu kando ya barabara. Alinijua mara moja. Nilisema nikiwa nimesimama, "Fundi, vyuma vyako havikuchomeka. Nilikudanganya. Nimekuja uvichukue."

"Najua havikuchomeka," alisema. "Niliona ghala."

"Na puli?"

"Niliiuza kwa watu wa vyuma chakavu siku ile ile. Puli peke yake ningeifanyia nini?"

Vyuma hakuvitaka. Alisema mgongo wake ulishakataa mizigo. Mjukuu, asijue la kufanya, akafungua kompyuta na kumwonyesha. Fundi akapangusa mikono, akasogea.

"Msichana, hii feni umeigeuza. Hivi itarudisha makapi kwenye mahindi."

Mjukuu akaigeuza. Fundi akachukua kipande cha boksi la viatu, akamchorea puli na vipimo vyake vyote, bila kusita, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Mjukuu akaichora na kuiweka mahali pake. Shafti ikazunguka, haikuteleza.

"Izungushe tena," fundi akasema.

Akaizungusha.

"Tena."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikingoja aniambie neno, hata la hasira. Mteja akaleta kiatu kilichoachama mbele. Fundi akakipokea, akatafuta uzi, akaanza kushona.