Sahihi ya Golikipa

Mjini hapa hakuna linaloweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la sita, nikauza mitumba hadi nikajenga nyumba Kabiria. Siku hizi nauza mtandaoni jezi zenye sahihi za wachezaji wa zamani, na sahihi feki hainipiti.

Wiki jana mama mmoja alinitumia picha ya jezi ya golikipa wa zamani. Tukakutana mkahawani Westlands, na mteja wangu, Bwana Harjit, akaja kuichukua palepale.

"Mama, ngoja niipime kwanza," nikasema. Kwenye mitumba, ukisugua nguo kwa kitambaa chenye spiriti na rangi ikachuja, basi hiyo ni feki. Nikaisugua sahihi kwa nguvu. Wino ukatoka wote.

Nikapaza sauti ili meza za jirani zisikie: "Mimi si wa kuchezewa! Hii umeandika jana!"

Mama alinionyesha video kwenye simu yake: mzee ameketi barazani, mkono unatetemeka, anaandika jina lake juu ya jezi ileile.

"Huyo ni mume wangu," akasema polepole. "Tulimzika Agosti. Nilikuwa naiuza nimjengee kaburi."

Bwana Harjit akainua kitambaa changu, kimejaa bluu. "Boss, jezi ilikuwa orijino. Sasa sahihi iko kwa hii kitambaa yako."

Mkahawa mzima ulikuwa ukinitazama. Nikatoa simu, nikamtumia mama bei yake yote, bila kuomba apunguze: shilingi elfu thelathini na nane na mia tano.