Mkungu wa Mtu Mmoja

Jumamosi nilipanga foleni kwenye ofisi ya mizigo, kuchukua mzigo kutoka Bukoba. Mbele yangu kijana mwenye kitambulisho cha kazi shingoni alikabidhiwa mkungu wa ndizi za kupika uliomfikia kiunoni. Hakutabasamu. Aliutazama kama mtu anavyotazama ndoo ya nguo chafu. Simu ikaita. Kwa kuwa alikuwa ameukumbatia mkungu, akailaza juu ya kaunta na kuweka spika.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Umeupata? Ulisema ule wa kwanza umeisha wote, nikakuchagulia mkubwa zaidi.”

Kijana akafumba macho. Dada wa kaunta akaacha kuandika.

“Mama, nilikudanganya. Ziliiva kabla sijazipika, nyingi nikazitupa. Niko peke yangu, chumba kimoja, mtungi mdogo wa gesi. Sikutaka uumie.”

Nilitegemea kilio, au angalau ukali. Simu ikauliza kwa mshangao wa kweli:

“Kwani huko Mkuyuni ulikopanga hakuna majirani?”

Kijana akacheka, akaazima kisu. Dada wa kaunta akapata chane moja. Mimi nikapewa mbili, eti ninaonekana nina familia.

Vijana wanaojitegemea tunawahubiria wanunue kidogo ili wasitupe chakula, na ni sawa. Mama yule hajawahi kufikiria kwamba mkungu unaweza kuwa wa mtu mmoja.

Jioni nikagonga mlango wa jirani, chane moja mkononi. Nimepanga pale miaka sita. Ilinibidi kwanza nijitambulishe.