Zamu ya Idi ya Mwenzangu

Ramadhani ile niliuwaza mwezi kuliko imamu wa msikiti wetu. Si kwamba ucha Mungu wangu ulikuwa umeongezeka. Nilikuwa na mtihani.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hapa kisiwani kwetu, Kilindoni, na wakati huohuo nasoma shahada ya uzamili ya uuguzi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Ruhusa ya masomo sikuwa nimeipata, kwa hiyo nilisoma kama mtu anayekula huku amesimama. Vipindi nilivisikiliza kwenye simu, kazi za chuo niliziandika katika chumba cha kubadilishia nguo nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na Dar nilikwenda wakati wa mitihani tu. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilidhani nimemaliza na kuogopa. Kumbe kusoma tena ni kujipa watu wapya wa kuwaogopa.

Mama yangu hakuuelewa mpango huo tangu mwanzo.

"Ukimaliza utakuwa daktari?"

"Hapana, mama. Nitabaki nesi."

"Sasa si ndivyo ulivyo?"

Nilikuwa na jibu, tena refu. Nililipanga kichwani siku nzima kazini, na jioni nilipotaka kumpa, yeye alikuwa ameshahamia kwenye habari za minazi.

Uchovu wa kipindi kile haukuwa wa kulala ukaisha. Uliingia kwenye mikono. Asubuhi moja nilimshika mgonjwa kifundo cha mkono kuhesabu mapigo, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Mgonjwa akaniangalia kwa wasiwasi. "Nesi, yamekwisha?" Nilicheka naye, lakini njiani kurudi nyumbani sikucheka. Niliwaza: leo mapigo, kesho dozi. Nikaanza kuhakiki kila dawa mara mbili, kisha mara tatu, na kuhakiki nako kukanichosha.

Mtihani ulipangwa Jumamosi asubuhi, na chuo kilishasema tarehe haibadiliki, mwezi uandame usiandame. Ili niuwahi, ilinipasa kuvuka kwa boti Ijumaa. Mwenzangu mmoja wa wodini, dada aliyenizidi miaka michache na aliyehamia kwetu mwaka ule baada ya kuolewa kijijini Kirongwe, alitaka siku ya Idi awe kwa wakwe zake. Tukabadilishana: mimi nimshikie zamu yake siku ya Idi, yeye anishikie Ijumaa na Jumamosi. Mkuu wa wodi akakubali. "Mradi wodi isikae tupu," alisema, "hayo mengine yenu."

Mtu mwingine angeona jambo limekwisha. Kwangu ndiyo kwanza lilianza. Mwezi ukiandama Jumatano jioni, Idi ni Alhamisi, na mambo yote yanakwenda. Usipoandama, tunakamilisha thelathini, Idi inakuwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo mimi natakiwa niwe mahali pawili: wodini kwenye zamu yake na ndani ya boti. Aliyeukosa mtihani ule angengoja mwaka mzima, na sikuwa na uhakika kama mwilini mwangu mlikuwa na mwaka mwingine.

Kumwuliza mwenzangu tutafanyaje mwezi usipoonekana sikuthubutu. Niliogopa nikilitamka atagutuka, aivunje ahadi. Nikawa namzunguka tu. "Dada, siku ya Idi utakuwa mapumziko, sivyo?" Naye kila mara alijibu, "Ndiyo, mdogo wangu, tumeshakubaliana." Nikirudi nyumbani nilisoma kwenye simu kuhusu umri wa mwezi na mawingu ya pwani, wakati sura ya takwimu iliyokuwa na uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye mtihani imekaa haijafunguliwa.

Jumatano nilikuwa zamu ya jioni. Wagonjwa na waliowauguza walifuturu kwa uji na tende, kisha kila mwenye nafasi akatoka kutazama magharibi. Mimi niling'ang'ania dirisha. Kitandani hapo alikuwa binti wa kisiwa cha Chole aliyekuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji wa kujifungua asubuhi yake, na kando yake mama yake, mtu mzima mwenye ulimi mwepesi.

"Nesi, dripu ya mwanangu imekwisha."

"Samahani, mama. Nilikuwa naangalia mawingu."

"Angalia dripu. Mawingu yana mwenyewe."

Baada ya isha redio ya simu ya mtu ikatangaza: mwezi haukuonekana, kesho tunakamilisha thelathini. Mzazi mmoja ambaye nguo za wanawe zilikuwa bado kwa fundi akapiga kigelegele. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye ndoo yangu, nikaanza kumwandikia mwenzangu ujumbe. Nikaandika, "Dada, samahani sana." Nikafuta. Nikaandika salamu ndefu ya kuwaulizia wakwe, mume na kuku. Nikafuta. Nilikuwa kwenye ujumbe wa nne au wa tano simu ilipoita. Alikuwa ni yeye.

"Mdogo wangu, kesho usichelewe zamu yangu. Mimi hapa nimeshaingia jikoni, kitunguu kimenitoa machozi."

"Jikoni kwa ajili gani?"

"Idi kesho, mwenzangu!"

"Si wametangaza tunakamilisha thelathini?"

"Wamewatangazia nyinyi. Huku kwa mume wangu wanafuata mwezi popote utakapoonekana duniani, na umeshaonekana. Sisi kesho tunaswali."

Nikainuka kwenye ndoo.

"Kwa hiyo Ijumaa…"

"Ijumaa naingia, na Jumamosi naingia. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Mbona hukuniambia kama nyinyi mnafuata mwezi wa nje?"

"Wewe mwezi mzima umeniuliza kama siku ya Idi nitakuwa mapumziko. Nilidhani unanisemesha tu!" Akacheka, nikasikia na wifi zake wakicheka nyuma yake, na nikajua ameshawasimulia.

Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi kama dakika moja. Kisha nikakumbuka kwamba Ijumaa boti ingeondoka alfajiri, kabla maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mwandamo, hayajapwa, na zamu ya asubuhi huanza jua limeshatoka. Ningeondoka kisiwani kabla sijamwona akiingia wodini. Kutoka Kirongwe asubuhi ya Idi, pikipiki ziko wapi? Na akichelewa, kwenye ratiba jina la Ijumaa ni langu: aliyeacha kazi bila kukabidhi ni mimi.

Alhamisi niliingia zamu yangu ya asubuhi na kuunganisha na yake ya jioni, nikiwa nimefunga. Binti wa Chole akafanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike mwenye sauti kali. Mchana shemeji wa mwenzangu akaleta sahani kutoka Kirongwe, imefunikwa kwa sahani nyingine na kufungwa kwa kanga. Pilau. Nikaiweka chumbani kwetu juu ya kabati, lakini harufu haikukubali kukaa chumbani.

"Wodi hii leo ina Idi na Ramadhani pamoja," mama wa Chole alisema, akitikisa kichwa. "Nesi, usipite sana pale kabatini. Saumu ina miguu."

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nilikuwa naona maandishi ya faili yakielea. Nilifuturu kwa chakula cha sikukuu ya watu wengine, nikamgawia na mama wa Chole, na sisi wawili tukaimaliza pilau ile mpaka punje ya mwisho.

Alfajiri ya Idi nyumbani kwetu kila mtu alikuwa anaoga. Mama alinitoa hadi mlangoni, kanga ya kuswalia iko begani.

"Watu wanakwenda kwenye swala, wewe unakwenda kwenye maswali."

"Nisamehe, mama."

"Sijasema umekosa. Nimesema tu unavyokwenda." Akanitia mkononi mfuko wa vitumbua vya moto na kuufunga kwa nguvu, kama anayeogopa vitaruka.

Abiria tulikuwa wachache. Mzee mmoja mbele akaanza takbira, wengine wakaitikia, na kwa muda boti ikawa kama kipande cha msikiti kilichokatika na kuelea. Nami niliitikia, huku macho yangu yako kwenye simu. Jua likatoka. Saa ya zamu ikafika, ujumbe hakuna. Nikajiambia anavaa sare. Nikajiambia pikipiki imepasuka gurudumu. Nikajiona mbele ya mkuu wa wodi nikieleza habari za miezi miwili, na yeye akiuliza yule aliyepasuliwa jana nani alimpima presha. Kisha mtandao ukakatika kabisa, na nilichobaki nacho ni maji tu pande zote. Nilifungua sura ya takwimu. Niliusoma ukurasa mmoja mpaka bara, na sikumbuki hata neno moja lililokuwemo.

Tulipokaribia bandari ya Nyamisati simu ikatetemeka mara nyingi mfululizo. Salamu za Idi, salamu za Idi, na katikati yake, yeye:

"Nimefika mapema kabla nesi wa usiku hajatoka. Wote wazima. Yule wa Chole kajamba, tumbo limeamka, mama yake kapiga vigelegele wodi nzima. Nimempa uji. Acha kunifikiria, soma."

Nilicheka peke yangu, mwanamke aliyekuwa jirani akasogea kidogo. Kisha nikalala. Nililala ndani ya boti ikiegeshwa, nikalala kwenye basi mpaka Dar kichwa kikigonga kioo, na Idi yote ikapita hivyo.

Jumamosi asubuhi tulikaa kwa nafasi, kiti kimoja wazi kati ya mtu na mtu. Msimamizi akatutakia sikukuu njema, akatuagiza tuzime simu. Nikaizima. Macho yalikuwa yananiwasha na vidole vilikuwa vizito. Nikaigeuza karatasi ya maswali. Swali la kwanza nililisoma mara tatu na halikuniingia. Nikaliacha, nikaandika namba yangu juu, na nikaanza na la pili.